UZI: Jimbo la uchaguzi 60B, Minneapolis – mama aliyekaa bungeni miaka 44, maghorofa ya rangi na kura za Agosti

Mzee wa Mto (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kila jina la Ilhan Omar, yule mbunge Msomali wa Congress (bunge la taifa la Marekani), likitajwa humu, mjadala unakimbilia Washington: Trump kasema hiki, mama kajibu kile, mwishowe moderata anafunga uzi. Leo naomba tuziache hizo. Kabla ya kwenda Congress alikaa miaka miwili kwenye bunge la Minnesota kule St. Paul, akiwakilisha eneo linaloitwa 60B. Niliwahi kupanga humo na bado nina watu wangu pale, kwa hiyo nitazungumzia eneo lenyewe: limekatwaje, wanakaa akina nani, na kwa nini lilimng'ang'ania mwakilishi mmoja kwa zaidi ya miaka 40 kisha likageuka.

Msimamo wangu nauweka mapema ili wanaotaka kupinga wajipange: 60B haiamuliwi Novemba kwenye uchaguzi wenyewe. Inaamuliwa Agosti kwenye kura za maoni za vyama, na watu wachache sana.

Nitaweka kwa vipande, nipo kazini.

Kitunguu Swaumu

Siti ya mbele nimeshakaa. Shusha mkuu.

Mzee wa Mto

Twende na ramani kwanza.

Bunge la Minnesota lina maseneta 67 na wawakilishi 134. Kila eneo la seneta linakatwa vipande viwili, A na B. Kwa hiyo 60B ni nusu ya eneo la seneta namba 60, na nusu nyingine ni 60A. Mwakilishi anachaguliwa kwa miaka miwili tu, yaani hajakaa vizuri kwenye kiti ameshaanza kampeni tena. Kwa sensa ya 2010, kila mwakilishi alitakiwa kubeba watu 39,582. Sensa ya 2020 ikapandisha hadi 42,586.

Katikati ya eneo unapita mto Mississippi. Magharibi ya mto ni Cedar-Riverside, wenyewe wanapaita West Bank. Mashariki ni kampasi kubwa ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na pembeni yake Marcy-Holmes na Southeast Como, mitaa yenye nyumba za mbao za zamani zilizogawanywa vyumba vyumba kwa ajili ya wanafunzi. Daraja la Washington Avenue ndilo linalounganisha: chini magari, na tangu Juni 2014 treni ya Green Line, juu waenda kwa miguu na baiskeli. Jirani yake kuna daraja la barabara kuu ya I-35W, lile lililoporomoka jioni ya Agosti 1, 2007 wakati wa foleni na kuua watu 13. Limejengwa upya.

Sasa watu. Kuna wanafunzi, hao ni lundo. Chuo kizima kina zaidi ya 50,000 ingawa wengi wanalala nje ya eneo. Kuna familia za Afrika Mashariki kwenye maghorofa ya Cedar: Wasomali ndio wengi, na Waoromo wapo. Halafu kuna wenye nyumba zao: maprofesa, wasanii, wazee walioselelea tangu enzi za mahipi. Hao wa tatu ni wachache, lakini uchaguzi wa kata au wa bunge hauwapiti. Kwa miaka mingi wao ndio waliokuwa wakiamua.

Binti Pangani

Hayo maghorofa ni yale yenye vibao vya rangi rangi? Nimeyaona kwenye picha, njano nyekundu bluu. Nilidhani ni hosteli ya chuo.

Mzee wa Mto

Ndiyo hayo, dada. Siku hizi yanaitwa Riverside Plaza. Mchoraji wake ni Ralph Rapson, yakafunguliwa 1973 kwa jina la Cedar Square West. Yana zaidi ya nyumba 1,300, na jengo refu kuliko yote lina ghorofa 39. Serikali kuu ya Marekani wakati ule ilikuwa na mpango wa kujenga "mji mpya ndani ya mji": matajiri, maskini na wa kati wakae jengo moja. Ndoto ya awali ilikuwa kuweka watu 30,000 mtaa mzima. Wakazi wakaenda mahakamani, hela ikakata, ikajengwa awamu ya kwanza tu.

Kabla ya hapo mtaa ulikuwa wa wahamiaji wa Skandinavia. Barabara ya Cedar ilikuwa na utani wake, "Snoose Boulevard", kwa sababu ya tumbaku waliyokuwa wakibwia. Wadenishi walijenga ukumbi wao, Dania Hall, mwaka 1886. Ukaungua 1991, na ni katika miaka hiyohiyo Wasomali wanaokimbia vita walianza kuingia mjini. Katikati ya hapo, miaka ya 1960, chuo kikavuka mto na kumega upande wa magharibi, na barabara kuu mbili, I-94 na I-35W, zikapita pembeni na kuukata mtaa na mji. Ukiangalia ramani utaona Cedar-Riverside imebaki kama pembetatu, barabara huku, barabara kule, mto kule.

Nalisema hili kwa sababu mipaka ya uchaguzi inafuata vitu kama hivi. Pembetatu ile huwezi kuikata katikati bila watu kukushangaa.

Odhis wa Pipeline

Wadau, kuna kitu mleta mada ameruka. Ilhan hakutoka Mogadishu moja kwa moja hadi Minnesota. Familia yake ilitoroka vita 1991 wakakaa miaka minne kambi ya Utanga, hapo Mombasa. Marekani waliingia 1995, wakapitia Virginia, Minneapolis ni 1997. Utanga watu wa Pwani wanaijua. Kwa hiyo hiyo eneobunge yenu ya theluji ina mizizi yake Coast.

Mzee wa Mto

@Odhis uko sahihi kabisa, na si yeye peke yake. Ukipanda lifti ya Riverside Plaza ukasema "samahani" kwa Kiswahili, kuna uwezekano mzuri wa kujibiwa. Wengi wamepita Dadaab, Eastleigh au Mombasa.

Haya, sasa yule mama wa miaka 44 bungeni.

Anaitwa Phyllis Kahn. Kazaliwa Brooklyn 1937, ana shahada ya uzamivu ya baiofizikia kutoka Yale, akaja chuo kikuu pale kama mtafiti. Aligombea 1972 na kushinda, akiwa mmoja wa wanawake sita walioingia baraza la wawakilishi uchaguzi ule. Na hapa pana jambo wengi hawalijui: tangu 1913 wagombea wa bunge la Minnesota hawakuwa wakiandikwa vyama kwenye karatasi ya kura. Ukifika bungeni unachagua kambi, Liberal au Conservative. Kahn alichaguliwa kwa mtindo huo. Vyama vilirudishwa kwenye karatasi uchaguzi uliofuata. Chama chake ni DFL, yaani Democrats wa Minnesota, muungano wa Democrats na chama cha wakulima na wafanyakazi uliofanyika 1944.

Namba ya eneo lake imebadilika mara kadhaa kadiri ramani ilivyochorwa upya. Kabla ya 60B alikuwa 59B. Yeye hakuhama, namba ndiyo iliyohama.

Sheria yake maarufu ni ya 1975, ya kutenga sehemu za wasiovuta sigara kwenye migahawa na majengo ya umma. Minnesota ilikuwa ya kwanza Marekani kuwa na sheria ya namba hiyo kwa jimbo zima. Kwa wanafunzi alikuwa na mvuto wa aina nyingine: aliwahi kupeleka muswada wa kushusha umri wa kunywa pombe. Haukupita, ila fikiria una miaka 19 unasikia bibi wa bungeni anakupigania bia.

Kitunguu Swaumu

Huyo bibi ningempa kura na mimi 😂

Chatu Mpole

Samahani nipinge kidogo. Mnapamba sana. Ukweli ni kwamba Wasomali walijaa, wakahesabiana, wakamtoa mzungu wakaweka mtu wao. Ni ukabila uleule tunaoujua huku, tofauti ni theluji tu. Sasa uchambuzi wa nini?

Mzee wa Mto

@Chatu Mpole nilikuwa nakusubiri. Chukua hesabu.

2014 Kahn alipingwa na Mohamud Noor, Msomali mmoja dhidi ya mama mmoja. Februari 4 kukawa na mikutano ya wanachama wa mitaa, na wa Cedar-Riverside ulifanyika kituo cha Brian Coyle. Ukumbi ulijaa, zikapigwa ngumi, mkutano ukavunjika. Ilhan Omar, wakati huo msaidizi wa diwani mmoja wa jiji, alipigwa pale hadi akapata mtikisiko wa ubongo. Chama kikashindwa kumwidhinisha yeyote, wakaenda kwenye kura za maoni Agosti. Kahn akashinda kwa karibu asilimia 54.

2016 wakawa watatu: Kahn, Noor tena, na Ilhan. Sasa kama ni kuhesabiana kikabila, Wasomali wawili wanagawana kura, mama anapita katikati yao akicheka. Ndivyo wengi walivyotabiri. Ilivyokuwa: Ilhan asilimia 41, Noor na Kahn wote wawili kama 29 na ushee, wakipishana kwa kura za kuhesabu vidoleni. Jumla ya kura zote tatu hazikufika 6,000, kwenye eneo la watu karibu 40,000.

Ule ushindi ulitoka kingo zote mbili za mto. Noor alikuwa na wazee wa maghorofa, na wengine walimtaka yeye hasa kwa sababu hawakuwa tayari kuongozwa na mwanamke. Ilhan akachukua kina mama na vijana wa Cedar, akavuka daraja akachukua wanafunzi, akawaendea na wazungu wa mrengo wa kushoto waliokuwa wakimpigia Kahn zamani. Kahn wakati huo ana miaka 79. Wafuasi wake hawakumchukia, walichoka tu.

Chatu Mpole

Sawa, hiyo ya wawili kugawana umenibana. Lakini umesema kura 6,000 halafu unaita demokrasia. Na Novemba je? Republicans walilala?

Mzee wa Mto

Ndiyo hoja yangu ya bandiko la kwanza. Kwenye kura za Novemba 2016 Ilhan alipata kama asilimia 80. Mgombea wa Republican, Abdimalik Askar, naye Msomali, alisimamisha kampeni miezi kadhaa kabla, jina lake likabaki tu kwenye karatasi. Nyie wa bara mnaijua hali hii: kuna majimbo mtu akishinda kura za maoni za chama, watu wanaanza kumwita mheshimiwa hata kabla ya uchaguzi.

Sasa Agosti pale kuna nini? Wanafunzi hawapo. Wamerudi kwao, au ndiyo wanahama nyumba, mkataba wa zamani umeisha na mpya haujaanza. Hadi 2008 kura za maoni zilikuwa Septemba, chuo kimeshafunguliwa. Kuanzia 2010 zikavutwa hadi Agosti. Sisemi kwamba zilivutwa kwa ajili ya 60B, ilikuwa ni kwa Minnesota yote. Lakini athari yake pale ni kubwa kuliko karibu popote pengine. Ramani inachorwa kwa kichwa cha kila mtu: mwanafunzi anahesabiwa alipokuwa akiishi Aprili 1, mtoto anahesabiwa, mama asiye na uraia anahesabiwa. Agosti anayebaki ni nani? Mwenye nyumba yake, na familia ya ghorofani. Ndiyo maana uwiano wa nguvu kati ya kingo mbili uligeuka taratibu, hata kabla idadi ya watu haijageuka sana.

Wasomali pia hawakuanza na bunge. Kata ya 6 ya jiji ilichorwa upya 2012, jamii ikashiriki kudai Cedar-Riverside iwekwe vizuri, na 2013 Abdi Warsame akaingia baraza la jiji. Watu walishajifunza kujiandikisha, kupanga usafiri, kuwashusha wazee kwenye lifti kwenda kupiga kura. Noor alikuta mashine inanguruma.

Binti Pangani

Mtu akihama nyumba kila mwaka anajiandikishaje? Huku kwetu ukihama kata mpaka urekebishe taarifa, ukichelewa basi.

Mzee wa Mto

Minnesota unajiandikisha siku ileile ya kupiga kura, hapohapo kituoni. Utaratibu huo umekuwepo tangu 1974. Ukija na kitambulisho chenye anwani, sawa. Huna? Jirani aliyejiandikisha kituo hicho anaweza kuapa kwamba anakujua na unaishi hapo. Mtu mmoja anaruhusiwa kuwathibitisha hadi watu wanane. Kwa mtaa wa wapangaji hii ni roho ya kila kitu. Tena huna haja ya kadi ya chama. Siku ya kura za maoni karatasi ina safu za vyama, unachagua safu moja unaendelea.

Bwana Mizani

Kuapishana? Hapo si ndipo wizi unapoingilia? Hebu tuwe wakweli.

Mzee wa Mto

Anasaini kiapo kwa jina lake na anwani yake, akidanganya ni kesi ya jinai. Malalamiko hayakosekani, kila uchaguzi wapo wanaotaka utaratibu ufutwe. Mimi nauona una faida kuliko hatari. Wewe waweza kuona vingine, hiyo ni haki yako.

Odhis wa Pipeline

Mimi swali langu ni la mipaka. Kenya katiba inaipa IEBC, tume yetu ya uchaguzi, kazi ya kuchora, maeneobunge 290, na inaruhusu jiji au sehemu yenye watu wachache itofautiane na wastani hadi asilimia 40, kwingine 30. Huko nani anachora? Nasikia Marekani wanasiasa wanajichorea wenyewe.

Mzee wa Mto

Majimbo mengi ni hivyo. Minnesota kisheria ni bunge, lakini bunge limekuwa likigawanyika na kushindwa kukubaliana, kwa hiyo kila baada ya sensa kesi inaishia kwa majaji. Jaji Mkuu anateua jopo la majaji watano. Ramani ya 2012 ilitoka Februari 21, ya sasa ilitoka Februari 15, 2022. Jopo hilo lilijiwekea kanuni kwamba eneo lisizidi wala kupungua asilimia 2 kutoka wastani. Linganisha na 40 yenu! Faida yake ni kwamba 60B haina mikia ya ajabu ajabu. Sura yake imetokana na mto, chuo na zile barabara.

Ubaya wake ni kwamba kubana namba namna hiyo kunalazimisha kumega vijipande vya mitaa pembeni ili hesabu ikae sawa, na wanaoishi kwenye vijipande hivyo kila miaka kumi hawajui mwakilishi wao ni nani.

Kitunguu Swaumu

Na baada ya Ilhan kuondoka?

Mzee wa Mto

Juni 2018 Keith Ellison, mbunge wa Congress, aliamua kugombea uanasheria mkuu wa Minnesota. Ilhan akachukua fomu ya kiti chake, na kiti cha 60B kikaachwa wazi. Noor akajitosa kwa mara ya tatu, akashinda Agosti, na yuko bungeni tangu Januari 2019. Ni mtu wa kamati zaidi kuliko majukwaa. Kipindi cha 2023 na 2024 aliongoza kamati ya bajeti ya huduma za jamii, ambayo kwa wazee wa ghorofani na watu wanaowahudumia ina maana kuliko hotuba mia.

Mambo mawili ya kipindi hiki nisiyaache. Novemba 27, 2019 alfajiri kuliwaka moto kwenye ghorofa la makazi ya umma pale Cedar, ghorofa ya 14, wakafa watu watano. Nyumba za juu hazikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji ya kuzima moto, kwa sababu jengo lilijengwa kabla sheria haijadai. Suala likafika bungeni. La pili ni adhana: Ramadhani ya 2020, misikiti imefungwa kwa korona, jiji liliruhusu msikiti wa Dar Al-Hijrah uadhini kwa kipaza sauti mtaani. 2023 baraza la jiji likaruhusu adhana za sala zote tano kwa jiji zima.

Bwana Mizani

Upande wa seneta je? Umesema 60 ina A na B, lakini seneta hujamgusa.

Mzee wa Mto

Kweli. Seneta alikuwa Kari Dziedzic, aliyeingia kwa uchaguzi mdogo wa Januari 2012. Kwenye kura za maoni za uchaguzi ule mmoja wa aliowashinda ni Noor huyuhuyu. 2023 akawa kiongozi wa walio wengi katika seneti. Alifariki Desemba 27, 2024 kwa saratani, na seneti ikabaki 33 kwa 33. Wakati huohuo baraza la wawakilishi nalo lilitoka uchaguzi wa Novemba likiwa sare, 67 kwa 67. Kwa wiki chache mwezi Januari 2025 macho ya Minnesota nzima yalikuwa kwenye hivi vipande viwili, A na B, hadi Doron Clark wa DFL aliposhinda uchaguzi mdogo wa Januari 28. Nadhani ni mara ya kwanza nimeona wanafunzi wa pale wakisumbuliwa na kampeni katikati ya baridi kali.

Binti Pangani

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mwanafunzi akitaka kura yake ya Agosti isipotee, afanyeje? Mdogo wangu ameshapata uraia na anasoma hapo.

Mzee wa Mto

Aombe kura ya posta, dada. Inaanza siku 46 kabla, na tangu 2014 haulizwi sababu. Sharti ni moja: pale chuoni ndipo pawe makazi yake, siyo nyumbani kwa wazazi. Mwaka huu wa 2026 kura za maoni ni Agosti 11. Akisubiri chuo kifunguliwe, atakuta Noor au mpinzani wake ameshapita na mabango yameshang'olewa.